Chatu wa Kimara, Safari ya Bukoba na Vituko Vingine vya Majina ya Programu

Kimara, Dar es Salaam, kuna kijana aliwahi kupewa siku saba ahame chumba kwa kosa la kufuga chatu. Chatu mwenyewe hayupo, hajawahi kuwepo, na kijana huyo akiona mjusi tu ukutani anaita jirani. Lakini ushahidi ulikuwepo, tena wa kutosha, na mama mwenye nyumba aliusikia kwa masikio yake akiwa anafua kanga chini ya dirisha.

Ushahidi wa kwanza: kijana halali usiku. Taa inawaka mpaka alfajiri, halafu mchana wenzake wakiwa kwenye mihangaiko yeye anakoroma. Wa pili: kila Jumamosi ananunua trei nzima ya mayai, na anaishi peke yake. Wa tatu: hakuna aliyewahi kumuona akienda kazini, lakini kodi analipa ya miezi sita kwa mkupuo, na juzi juzi kashusha friji mpya. Hapo mtaa ulikuwa umeshaanza kunong'ona. Uswahilini, mtu ambaye kazi yake haionekani na hela yake inaonekana lazima atafutiwe maelezo, na maelezo yanayopendwa kuliko yote ni utajiri wa masharti. Joka liko ndani, usiku linatapika noti.

Basi siku hiyo kijana anaongea na simu, kaweka sauti ya nje. "Python imenikesha jana, kaka. Nikiifungua tu inaanza kula, imekula memori yote. Nimeamua kuifungia kwenye kontena." Upande wa pili ukauliza kitu. "Eeh, na Anaconda ninayo, nimeishusha wiki iliyopita. Kubwa balaa, imejaza nafasi yote. Ila nikimalizana na hii tu, mzungu anatoa hela."

Mama akaacha kanga kwenye beseni.

Ukweli usemwe, sarufi ingeweza kumuokoa kijana wa watu. Alisema "inakula", hakusema "anakula". Chatu wa kweli, kwa Kiswahili cha mtaani na cha darasani, anakula. Kitu ndicho kinachosemwa inakula. Na mama alilinasa hilo, si kwamba hakulinasa. Alipokuwa anamsimulia mjumbe wa nyumba kumi jioni ile alisema kabisa, "Hata kumtaja vizuri anaogopa, anasema 'inakula, inakula', kama anasema jiko." Python kwa Kizungu ni chatu, hilo alikuwa analijua toka darasa la saba. Na Anaconda nani asiyemjua? Ile filamu ya mwaka 1997 imezunguka kwenye vibanda vya video mpaka kanda zikachakaa.

Mjumbe akaja na wazee wawili. Chumba kikafunguliwa. Wakakuta godoro, feni, friji (ndani mayai matatu na nusu chupa ya soda), na laptopu juu ya meza. Kijana anajieleza huku jasho linamtoka: jamani, Python ni lugha ya kompyuta, haihusiani na nyoka hata kidogo. Mjumbe, mtu makini, akainamia ile laptopu. Kwenye mfuniko wake kulikuwa na stika ya nyoka wawili, mmoja wa buluu na mmoja wa njano, wamekumbatiana.

"Na hawa?"

Hapo ndipo ilipo shida ya majina haya, na kijana alikuwa anasema kweli tupu. Mholanzi mmoja, Guido van Rossum, alianza kuitengeneza lugha hiyo mwishoni mwa mwaka 1989, ikatoka hadharani mwaka 1991. Jina alilichukua kwa Monty Python, kundi la wachekeshaji wa Uingereza ambalo kipindi chake kilianza kurushwa na BBC mwaka 1969. Alitaka kitu kifupi, chenye uajabu kidogo. Sawa, haki yake. Lakini si dunia nzima iliyoangalia kipindi kile, na dunia nzima inamjua chatu, kwa hiyo waliokuja nyuma yake wakaendelea na nyoka tu. Nembo ikawa nyoka wawili. Kifurushi kimoja maarufu cha kufanyia hesabu na takwimu kikaitwa Anaconda. Yaani utani wa wachekeshaji umekua, ukaota magamba, ukawa joka kweli. Kontena nayo ni namna ya kuitenga programu isivuruge nyingine. Sasa jaribu kuyaeleza hayo yote mbele ya mjumbe, saa moja jioni, na dirishani kumejaa watoto.

Binti wa mjumbe, anayesoma chuo, akajaribu kusaidia: "Baba, hata sisi chuoni tunafundishwa Python." Mjumbe akamgeukia taratibu. "Kumbe mko wengi."

Na hapa si pa kucheka tu. Mama mwenye nyumba anasali jumuiya moja na shangazi wa binti ambaye kijana alikuwa amempelekea posa. Habari ilifika kabla ya barua ya majibu. Posa ikasimama wiki tatu. Simu za kijana hazikupokelewa, na binti mwenyewe, aliyekuwa anajua kabisa mchumba wake anafanya kazi gani, akawa anaulizwa na mama zake wakubwa kama amewahi kuona kitu chochote kikitambaa. Wiki tatu si mchezo kwa mtu aliyekwisha kulipia ukumbi.

Kilichomuokoa ni maji. Nyumba ile ina wapangaji sita na mita moja, na kila mwisho wa mwezi kulikuwa na vita. Kijana, katika kuhangaika kueleza kazi yake, akakaa mbele ya wazee wale akaandika programu ya mistari michache: unaingiza bili, unaingiza idadi ya watu kila chumba na siku walizokuwepo, inakupa kila mtu alipe ngapi. Aliyekuwa amesafiri wiki mbili akapunguziwa. Mwenye watoto wanne akaongezewa, akanuna. Mama mwenye nyumba akaitazama ile kioo muda mrefu. Toka siku hiyo ugomvi wa maji umeisha, na kila tarehe thelathini anagonga mlango: "Eti baba, lile joka lako linasemaje mwezi huu?" Posa ikapokelewa. Ila mahari haikupungua hata senti. Shangazi alisema mtu anayelala na chatu hawezi kulia njaa.

Kiswahili chenyewe, tukubaliane, hakina usafi wowote wa kujivunia kwenye mambo haya. Mwali aliyekulia bara akaolewa pwani, siku ya kwanza jikoni mama mkwe anamwambia, "Mwanangu, nipe hiyo mbuzi nikunie nazi." Mwali anageuka huku na huku anatafuta pembe. Kifaru ni mnyama wa Ngorongoro na ni gari la vita. Ndege anataga na ndege inatua. Lakini mbuzi ya nazi anaijua kila aliyewahi kuonja wali wa nazi, na mwali akishachekwa mara moja basi, keshakuwa mwenyeji. Majina ya programu yanajulikana na waliokuwemo chumbani siku ya ubatizo. Wengine wote duniani wanaletewa mtoto na jina lake, wajijue.

Au chukua Firefox, kivinjari kile. Mwanzoni kiliitwa Phoenix, jina likaleta mgogoro, kikaitwa Firebird, mgogoro tena, ndipo mwaka 2004 wakatulia kwenye Firefox. Kwa Kiingereza hilo ni jina jingine la panda mwekundu. Nembo yake ni mbweha. Kwa hiyo lugha yenye jina la wachekeshaji ina picha ya nyoka, na kivinjari chenye jina la panda kina picha ya mbweha. Hawa watu wana muda.

Lakini mshangao mtamu zaidi ni pale jina linapokuwa la nyumbani.

Kuna dada mmoja wa Mbagala aliyetumiwa aifoni iliyotumika na kaka yake aliyeko Muscat. Haijamaliza siku nne mkononi, saa nane usiku simu ikaita: baba mdogo amefariki Bukoba. Kesho yake lazima awe barabarani, hela ipo kidogo, na hajui gari gani linaondoka saa ngapi kutoka kituo cha Magufuli kule Mbezi. Anaifungua simu, machozi yanamtoka, na chini ya kioo anaona kitu kimeandikwa Safari. Kina dira. Akamshukuru Mungu na Wazungu kwa pamoja. Akabonyeza, akaandika: basi dar bukoba kesho asubuhi.

Mtu anayejua mambo haya angeanza kucheka hapo, maana Safari si ya safari. Ni kivinjari tu, cha kufungulia tovuti yoyote ile, Apple walikitangaza Januari 2003. Neno lenyewe lilitoka kwenye Kiarabu, likakaa kwenye Kiswahili karne na karne likimaanisha kwenda na kurudi, Waingereza wakalichukua likageuka kuwa kwenda kupiga simba risasi, baadaye kuwapiga picha, na mwisho Wamarekani wakalipachika kwenye kompyuta, likimaanisha kuzunguka mtandaoni ukiwa umekaa.

Ila cheko lingekuwa limewahi. Kwa sababu kivinjari ni kivinjari, kilimletea alichoandika: majina ya kampuni za mabasi, saa za kuondoka, namba za simu. Akapiga ya kwanza, haikupokelewa. Ya pili ikapokelewa na mtu mwenye usingizi aliyemwekea siti ya dirishani. Saa kumi na mbili asubuhi dada yumo ndani ya gari, na mazishi akayawahi.

Sasa hebu mwambie Safari si ya safari. Wamejaribu watoto wake, amejaribu kaka yake kwa simu kutoka Muscat, amejaribu mpaka kijana wa kuuza vocha. Anawaangalia tu. Akitaka kujua namna ya kupika pilau la kuku anafungua Google. Safari haigusi, anasema ile ni ya kusafiria. Na kila anapoenda Bukoba inamfikisha. Mtu mwenye ushahidi wa namna hiyo utamshinda kwa hoja gani?

Wapo na wengine waliokuja kuchota kisimani. Miaka ya mwanzo ya 2000 kulikuwa na programu ya kujengea tovuti iliyoitwa Mambo. Ndiyo, Mambo. Mwaka 2005 wataalamu walioijenga wakatofautiana na kampuni ya Australia iliyokuwa inamiliki jina, wakaondoka kwa pamoja, wakaanzisha yao. Wakatafuta jina la kuonyesha kwamba wako wote, hakuna aliyebaki nyuma, wakalipata kwenye Kiswahili: jumla. Ila wakaliandika Joomla, na alama ya mshangao mwishoni, ili Mzungu asikosee kulitamka. Kwa hiyo Mambo ilizaa Jumla, na mamia ya vijana wa Dar na Nairobi wakajifunza "Juumla" kwenye semina, kwa lafudhi ya Kimarekani, bila kushtuka kwamba wanatamka neno lililoandikwa kwenye kila duka la Kariakoo: bei ya jumla, bei ya rejareja.

Ubuntu nayo, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, uliotoka Oktoba 2004. Neno ni la Kizulu na Kixhosa, ndugu wa damu wa utu. Toleo la kwanza lilipewa jina la kikazi ambalo ukilifasiri unapata Ngiri Mwenye Chunjua. Utu na ngiri, kwenye sahani moja. Chuo kimoja Dodoma mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliulizwa na mwalimu wa maabara, "Wewe una Ubuntu?" Akasimama, akajibu kwa unyenyekevu: "Nashukuru mwalimu, wazazi wangu walinilea vizuri." Darasa zima likaanguka. Na bado, ukiliangalia neno lenyewe, aliyejibu sawasawa ni yeye.

Hilo ndilo linaloudhi kidogo katika utani huu. Anayechekwa karibu kila mara ni yule aliyelichukua neno kama lilivyo. Yeye ndiye anayeijua lugha. Aliyelipindua neno yuko mbali huko, anakunywa kahawa yake.

Tena afadhali kahawa isitajwe, maana kuna kijana wa Nairobi ilimkosesha kazi.

Nairobi ukisema "naenda Java" mtu anakuuliza tawi gani, kwa sababu Java kwanza ni mkahawa. Kijana huyu alikuwa anajua Java ya pili ipo, ya kompyuta, na ya tatu, JavaScript, ndiyo aliyojifunza miezi minane usiku na mchana. Tangazo likatoka: anahitajika mtu wa Java. Rafiki yake akamwambia si kitu kimoja hicho, nenda. Mama yake kule Machakos akauza mbuzi (huyu ni wa kweli, wa miguu minne) apate nauli na viatu. Suti akaazima.

Java na JavaScript ni paka na pakacha. Mwaka 1995 kampuni ya Netscape ilikuwa inataka lugha ndogo ya kuchangamsha kurasa za mtandaoni, Brendan Eich akaandika ya kwanza kwa siku kumi. Iliitwa Mocha, kisha LiveScript. Lakini mwaka huo huo Java ya kampuni ya Sun Microsystems, ambayo yenyewe ilianza kwa jina la Oak, yaani mwaloni, ilikuwa habari ya mjini. Basi Desemba 1995 Netscape na Sun wakatangaza ile ndogo kwa jina la JavaScript. Ilikuwa biashara, kama mtu anayefungua kibanda cha chipsi jirani na mgahawa maarufu na kuandika jina la mgahawa kwa herufi kubwa, lake chini kwa herufi ndogo. Miaka thelathini baadaye watu bado wanaingia mlango usio wao.

Kijana akafika, akaulizwa na afisa wa rasilimali watu: "Unajua Java?" Alikuwa mkweli, akasema anajua JavaScript. Yule mama akaangalia karatasi yake, akatabasamu kwa huruma: "Kwa hivyo umefika katikati. Ukimaliza uje." Akarudi. Miezi miwili baadaye akakutana na mtu wa ndani ya kampuni ile, wakaongea hili na lile, ikajulikana kwamba kazi yenyewe ilikuwa ya kurasa za mtandaoni. JavaScript tupu, mwanzo mpaka mwisho. Aliyeandika tangazo ndiye aliyekuwa hajui. Na walimpata mtu wa Java, mzuri kabisa, akakaa wiki sita akaondoka. Kijana sasa anafanya kazi kwingine na mshahara si mbaya, lakini mama yake hajaelezwa mpaka leo mbuzi alikwenda wapi.

Huyo alipoteza nauli na mbuzi mmoja. Morogoro kuna mama, mwalimu mstaafu, jina la programu lilitaka kumpotezea heshima ya miaka thelathini na moja ya chaki.

Mwalimu huyu ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake ishirini na wawili. Simu yake ameiweka lugha ya Kiswahili, maana hataki kubabaishwa. Siku moja sebuleni akafungua tovuti ya habari, ikamwambia: kubali vidakuzi vyote. Akauliza kwa sauti, "Vidakuzi ndiyo vidudu gani?" Mkwe wake akacheka mpaka akakaa chini, wajukuu nao wakadakia. Vidakuzi ni vile vijifaili ambavyo tovuti inaviacha kwenye simu yako ikukumbuke ukirudi. Kwa Kiingereza vinaitwa biskuti, jina la tangu mwaka 1994, na waliofasiri wakaleta neno ambalo nalo linachekesha na halieleweki. Mwalimu akabonyeza kataa. "Siwezi kukubali kitu nisichokijua." Ukitazama vizuri, ndani ya nyumba ile yeye peke yake ndiye aliyefanya kile ambacho wataalamu wa usalama wa mitandao wanashauri. Lakini aliyechekwa ni yeye. Na kuanzia siku hiyo akaacha kuuliza.

Ndipo fundi simu, wakati anambadilishia chaji, akamwambia, "Mama, nikuwekee WhatsApp ya GB? Hiyo ndiyo kiboko." Mwalimu GB anazijua. Kila wiki ananunua GB za bando, na kila wiki zinaisha siku ya Alhamisi. Akaelewa vile ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angeelewa: kumbe ipo WhatsApp inayokuja na GB zake ndani. Alitaka kuuliza, akakumbuka vicheko vya sebuleni. Akasema weka.

GB ile haihusiani na bando. Ni toleo la pembeni, si la WhatsApp wenyewe, halipatikani kwenye duka la kawaida la programu, na watu wanalipenda kwa sababu linakuwezesha kuficha kwamba umesoma ujumbe au kuona ambao mwenzako ameufuta. WhatsApp wenyewe wameshasema hawalitambui, na anayelitumia anaweza kufungiwa namba. Mwalimu hakuwa na habari. Hana ujumbe wa mtu anaotaka kuuchungulia. Alitaka bando lifike Ijumaa.

Ikaja Desemba, wiki ya mgao. Wanakikoba wote walikuwa wakishatuma michango kwa simu wanampigia picha ule muamala na kumtumia WhatsApp, naye anaweka kumbukumbu humo humo. Daftari liliisha mwezi wa sita na mkwe alisema daftari ni ushamba. Jumatatu asubuhi anafungua simu, anakuta maandishi: akaunti yako imezuiwa kwa muda, na saa zinahesabika kurudi nyuma. Mwalimu akasoma mara tatu. Neno imezuiwa alilifahamu kutoka kwenye taarifa za habari; ni la watu waliovunja sheria. Akaona polisi mlangoni, akaona jina lake redioni. Akaizima simu, akaiweka ndani ya kabati, akajifunika shuka.

Jumanne kikoba kinamtafuta, hapatikani. Jumatano grupu limechafuka. Mmoja akaandika "tulisema", bila kueleza walisema nini. Mwingine akaweka picha ya ndege inaruka. Mwanachama mmoja, huyo ndiye aliyekuwa na sauti kuliko wote, akatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne akieleza jinsi ambavyo walimu wastaafu hawaaminiki, akiwa amesahau kwamba wanawe watatu walifundishwa kusoma na mama yule. Alhamisi wakaja nyumbani, kumi na nne kwa hesabu, wakamkuta kitandani, macho mekundu. Hela yote ilikuwa benki, haijaguswa. Kilichopotea ni nani katoa ngapi.

Binti wa jirani, wa kidato cha nne, ndiye aliyeitoa ile GB, akaweka WhatsApp yenyewe, akasubiri saa ziishe, namba ikarudi. Picha hazikurudi. Lakini binti akauliza swali moja ambalo watu wazima ishirini hawakuliuliza: meseji za muamala si mnazo kila mtu kwenye simu yake? Wakakaa sebuleni mpaka saa tano usiku, kila mmoja anasoma zake, mwalimu anaandika kwenye daftari jipya kwa kalamu nyekundu. Hesabu ikalingana na ya benki kwa tofauti ya shilingi elfu ishirini. Wakarudia. Elfu ishirini ileile. Wakapitia jina kwa jina, wakampata: mwenye ujumbe wa dakika nne hakuwa ametuma mchango wa mwezi wa kumi.

Alilipa usiku uleule, kwa simu, mbele ya wote. Mkwe alipika chai ya watu ishirini bila kuombwa. Na grupu likabadilishwa jina, mwalimu mwenyewe ndiye aliyeliandika, kwa herufi kubwa: KIKOBA HALISI, SIO GB.